Kambi ya kulala ya wasichana Takwa, likizo ya Desemba: ni lipi hasa linalowajenga?

BintiMkomani

Asalaam aleikum wote. Hapa Amu (Lamu) tuko akina mama sita wa mtaa mmoja. Tumeazimia likizo ya Desemba tuwatoe wasichana wetu 24 waende kambi ya kulala ng'ambo, kisiwa cha Manda, kwenye uwanja ulio karibu na magofu ya Takwa. Umri ni miaka 11 hadi 14. Siku nne, kulala mara tatu. Nia yetu wapate kujiamini na wajue kuongoza wenzao, maana darasani wakiulizwa jambo hutazama vidole vyao, na kikao chochote cha wanafunzi lazima kiongozwe na mvulana.

Mambo manne yanatutatiza. Ratiba tulizoonyeshwa na watu zimejaa wageni wa kuzungumza: daktari asubuhi, wakili adhuhuri, mtu wa benki alasiri. Ndivyo inavyofanywa? Halafu viongozi wa makundi, tuwateue sisi au wapige kura? Tena kuna baba wawili wameshasema mwana wa kike halali nde (nje), na mazungumzo yakaishia hapo. La mwisho, tuambieni yanayoharibika, kwa sababu yanayonyooka tutayaona wenyewe.

Pesa si nyingi. Vyombo vya kupikia ni vya majumbani mwetu, mashua tutakodi.

Kamba_na_Turubai

Wageni wapunguze hadi mmoja, na huyo aje usiku wa pili akae mkekani kama mtu yeyote, bila kipaza sauti. Msichana aliyesikiliza hotuba tatu anarudi nyumbani akijua kwamba mahali fulani yupo mwanamke hodari. Aliyepika wali ukaliwa na kundi zima amejua jambo juu yake mwenyewe, na hilo halifutiki kwa urahisi.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza hili mwaka 1977. Imani ya "hili naliweza" huingia kwa njia nne: kulifanya jambo likafaulu, kumwona aliye kama wewe akilifanya, kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na jinsi unavyousoma mwili wako mwenyewe (moyo ukidunda, ni woga huo au ni kujiandaa?). Njia yenye nguvu kuliko zote ni ile ya kwanza. Hotuba ni ya tatu. Sasa itazame ratiba yenye hotuba tano kwa siku, utajua pesa zinamwagwa wapi.

Kambi ya kulala inaishinda siku ya michezo kwa sababu moja tu: hakuna kurudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Kazi zinakuwa za kweli. Maji yasipotekwa, chai hakuna. Turubai lisipokazwa, mvua ya vuli ikipita usiku itawalowesha wote, na hakuna wa kulaumiwa ila fundo lililofungwa ovyo.

Uongozi: msiteue, wala msipige kura. Kura humpa aliyezoea kusema. Gaweni makundi manne ya wasichana sita sita, marafiki wa chanda na pete msiwaweke kundi moja. Kisha hesabuni nusu siku: alasiri ya siku ya kwanza, asubuhi na alasiri ya siku ya pili, hivyo hivyo ya tatu, na asubuhi ya nne. Nusu siku sita, wasichana sita. Kila mmoja anakuwa nahodha wa kundi lake nusu siku nzima, na zamu inabadilika adhuhuri, kabla ya chakula, na tena asubuhi.

Kazi nazo ni sita: nahodha, mpishi, msaidizi wa mpishi, mtu wa maji, mtu wa kambi (kamba, turubai, taa, usafi), na mtu wa hesabu, ambaye anashika saa na kuhesabu vichwa kila kundi linapohama. Kila zamu inapobadilika kila mtu anasogea kazi moja mbele, kwa hivyo hadi mwisho kila msichana amepita zote sita. Nahodha hapiki wala hachoti maji. Anaamua, anagawa, anakagua. Wengi hili linawashinda mwanzoni: mtoto mzuri amezoea kwamba kufanya mwenyewe ndiyo adabu, kwa hivyo utamkuta nahodha ameinama jikoni anapuliza moto huku watano wamekaa wanamtazama.

Makabidhiano yafanyike wamesimama, dakika tano. Anayetoka anamwambia anayeingia mambo matatu: lililokwisha, lililobaki, na nani hayuko sawa leo. Hilo la tatu ndilo litakalowaonyesha ninyi watu wazima mengi msiyoyaona.

Yanayoharibika sasa. Kubwa kuliko yote ni mtu mzima mwenye huruma. Jua linazama siku ya kwanza, turubai limelegea, wasichana wanabishana kamba ipi ifungwe wapi, na mama mmoja anasema "hebu leteni." Kwa neno hilo kambi imeisha, zilizobaki ni siku tatu za pikiniki. Wekeni sharti tangu mwanzo: pasipo damu, moto kwenye nguo, au mtu majini, mikono nyuma kwa dakika kumi. Msichana akikujia na swali, jibu ni moja tu, "Nahodha wenu anasemaje?" Na ili giza lisiwabane, turubai lianze kufungwa mapema mchana. Kazi inayochukua nusu saa kwa mtu mzima, wapeni saa mbili.

La pili ni yule binti mwenye sauti. Atakuwa nahodha wa zamu zote bila kuteuliwa. Zamu yake halisi mpeni ya tano, ili kabla yake awe ameongozwa mara nne. Mwenye haya msimweke wa kwanza kabisa, lakini wa mwisho pia si vizuri, atapoteza siku tatu akiingoja kwa hofu. Wa tatu ni mahali pake, akishawaona wawili wa rika lake wakikosea na dunia isianguke.

Usiku, kabla ya kulala, robo saa kundi kwa kundi: lipi lilikwenda, lipi lilikwama, kesho tubadilishe nini. Sifa ziwe za kitu kilichoonekana. "Hongera, mmefanya vizuri" ni maneno ya kumaliza mkutano. "Uliona mkaa umeshika unyevu ukautandaza juani kabla hujaambiwa" ni sifa ambayo mtoto ataikumbuka hadi shule zifunguliwe.

Mwana_wa_Maji

Kabla ya hayo yote, bi, tarehe mmeichagua kwa kalenda ya shule au kwa mwezi?

Takwa inaingiwa kwa mkono wa bahari wenye mikoko pande zote mbili, na chombo kinafika maji yakiwa yamejaa. Yakitoka mnakaa topeni na watoto 24 na masufuria. Siku za bamvua (mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kutoka sana) huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kutoka kabisa mnamo saa nne, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukiingia siku ya bamvua saa kumi alasiri, siku ya nne maji yatajaa saa kumi na mbili asubuhi. Utawaamsha watoto usiku kufunga mizigo.

Afadhali siku ya tano baada ya bamvua ya mwezi mpevu, yaani mwezi 20 au 21 kwa hesabu ya Kiislamu. Maji yanajaa karibu na saa mbili asubuhi mkiingia, na karibu na saa tano siku ya kutoka. Zamu ya sita ya Kamba_na_Turubai itakuwa ya kufunga kambi, na hiyo ni kazi nzuri ya uongozi. Ila jueni siku ya kutoka mko kwenye maji mafu, yanajaa kidogo. Mashua nzito itagusa chini. Chukueni chombo kidogo, mvuke mara mbili. Saa nilizotaja ni za kukadiria, jedwali la maji na nahodha wa hapo ndio wenye kauli ya mwisho.

Jaketi za kuelea ziwe za saizi zao. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 11 hupanda likamziba uso akiwa majini. Jaribuni kila moja kwenye maji ya kiunoni kabla ya siku ya safari: mtoto ajiachie, na kidevu kibaki juu. Wakiwa chomboni wavae suruali na dera fupi, mtandio ufungwe nyuma. Buibui livuliwe lirudi kwenye mkoba hadi nchi kavu, kwa sababu kitambaa kirefu kikilowa kinafunga miguu.

Na msiwapandishe kama mizigo. Mmoja ahesabu vichwa kwa sauti, mmoja ashike upo (kata ya kutolea maji chomboni) afue maji, mmoja aulizwe tanga limekaa upande gani wa upepo na kwa nini. Wasichana wengi wa Amu wamezaliwa hatua ishirini kutoka majini na hawajawahi kushika demani, kamba ya tanga.

Shangazi_wa_Langoni

BintiMkomani mwanangu, nianze na hao baba wawili. Usibishane nao juu ya kujiamini wala uongozi. Hilo si swali lao. Swali lao ni nani atalala wapi, na watu watasema nini. Basi wajibu hilo.

Andikeni karatasi moja, kwa Kiswahili, itiwe sahihi na mzazi: majina ya wanawake watakaolala kambini, nani analala na kundi gani, nahodha wa mashua na mlinzi watalala wapi (chomboni, au upande wa pili wa magofu, na baada ya Magharibi hawaingii kambini), nambari za simu mbili, ruhusa ya ofisi ya Makumbusho kwa sababu Takwa iko chini yao, na nakala ya barua kwa chifu na kituo cha polisi. Kila mtu mzima awe na cheti cha mwenendo mwema cha polisi. Na sharti la wawili wawili: hakuna mtu mzima, mwanamke au mwanamume, anayekaa peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Nambari 116 ya kusaidia watoto iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, na kila msichana aambiwe ni ya nini. Picha: simu moja tu ndiyo inapiga, na picha haiendi kwenye kundi lolote la simu bila mzazi kuiona. Baba wengi wanachoogopa kwa kweli ni hicho, picha ya binti yake bila mtandio ikizunguka mtaani, ila hawasemi.

Mkutano wa wazazi msifanye ofisini. Fanyeni baada ya Alasiri kwenye baraza ya nyumba inayojulikana. Na hao baba wawili waalikeni wapande chombo siku ya kwanza, waone mahali, warudi na maji yale yale.

Kuna atakayesema haya ni ya Wazungu. Mkumbusheni kwamba msichana wa Kiswahili zamani alikuwa na somo wake, mwanamke asiye mama yake, wa kumfunza mambo ambayo mama huona haya kuyasema. Kumtoa mtoto wa kike kwa mamake kidogo ili afunzwe na mwanamke mwingine halikuanza leo.

Sasa usiku wa kwanza. Watalia. Si wote, lakini mmoja akianza wanafuatana. Kilio cha nyumbani huja saa za bure: baada ya Isha, na asubuhi kabla ya chai. Kwa hivyo msiwaache bure. Vitendawili, hadithi, kusuka nywele. Desemba Kilimia kinaonekana vizuri usiku wa mapema, wafundisheni kukitafuta. Mkienda mwezi 20 kama alivyosema Mwana_wa_Maji, mwezi utachomoza kwenye saa nne na nusu usiku, kwa hivyo Isha itawakuta gizani totoro. Tochi moja kwa wawili na betri za akiba.

Mzazi asimwambie mtoto "ukiona vibaya nipigie nitakuja kukuchukua." Ni maneno ya mapenzi, lakini mtoto anayaelewa hivi: mama naye haamini kama nitaweza. Aseme, "Usiku wa kwanza utanikumbuka, wa pili utanikumbuka kidogo, na tarehe fulani nitakuwa gatini." Ampe leso yake moja ya kujifunika. Mtoto akilia, mama wa kundi akae naye nje ya neti lakini mahali wengine wanaweza kuwaona, amuulize nyumbani saa hizi wangekuwa wanafanya nini, amwache aseme, kisha amwambie "kesho baada ya chai tutazungumza tena", na kweli amtafute baada ya chai. Asipewe simu usiku. Akikataa chakula siku nzima au akitapika kwa kulia, hapo mzazi aitwe, na aondoke bila kuonewa haya.

Yupo mmoja kati ya 24 anayekojoa kitandani. Mzazi aulizwe kwa siri. Mtoto huyo alale pembeni karibu na mlango wa turubai, plastiki chini ya mkeka, aamshwe saa tano usiku pamoja na wengine wawili "kwenda kuangalia kamba". Asubuhi mikeka yote inatolewa juani, si wake tu.

Na hedhi. Umri huo kuna watakaoanza hapo hapo kambini. Pedi zisikae kwa mtu mzima, mtoto hataomba. Ziwekeni kwenye kikapu ndani ya pazia la kuogea, pakiti 10, na leso mbili nyeusi, sabuni, mifuko ya karatasi, na pipa dogo lenye kifuniko. Kikapu kijazwe kila asubuhi bila kuuliza zimekwenda wapi.

Jambo dogo ambalo kambi nyingi hazilioni: saa ya sala, wasioswali wanabaki wamekaa, na kila mtu anajua kwa nini, hata wale wavulana wa chombo. Basi kila wakati wa sala kuwe na kazi ya "wanaobaki": kulinda jiko, kujaza vibuyu vya maji. Ichanganyeni na wasio Waislamu kama wapo, na mmoja wa akina mama abaki nao kila mara. Hakuna atakayehesabu.

BintiMkomani

Shangazi, ahsante sana, hilo la sala hatukuwa tumelifikiria kabisa. Nimewaonyesha wenzangu.

Mwana_wa_Maji, tulikuwa tumechagua kwa kalenda ya shule, nakiri. Tunabadilisha.

Sasa chakula na maji. Tulipanga sufuria moja kubwa na mpishi wa harusi, watu 30 pamoja na sisi. Na kisima kipo Takwa?

Jiko_la_Mkaa

Maji ya Takwa msiyategemee. Manda yote ina shida ya maji matamu, na moja ya sababu zinazotajwa za watu wa Takwa kuuhama mji karne ya 17 wakavuka kwenda Shela ni kisima kuingia chumvi. Bebeni yenu.

Kiwango kinachotumiwa kwenye kambi za dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kila kitu. Ninyi hamfui nguo, na sufuria mtazisugua kwanza kwa maji ya bahari na mchanga, kwa hivyo lita 10 zinatosha, kati yake 3 za kunywa. Watu 30 mara lita 10 ni mitungi 15 ya lita 20 kila siku. Asubuhi ya kwanza hadi asubuhi ya nne ni siku tatu na kidogo; pamoja na akiba, mitungi 50. Hiyo ni tani nzima. Msiipakie na watoto. Ivushwe siku moja kabla, na mlinzi alale nayo. Ya kunywa itiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa na isubiri dakika 30. Mitungi ya kunywa ifungwe kitambaa chekundu, la sivyo siku ya pili mtu ataoshea miguu.

Mpishi wa harusi mwacheni nyumbani. Sufuria moja kubwa na wasichana 24 maana yake ni watatu wanafanya kazi na 21 wanangoja sahani. Kila kundi lipike lake: majiko manne ya mkaa, sufuria nne za lita tano, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, kisu kimoja. Kundi moja, wasichana sita na mama mmoja: mchele gramu 850, vikombe vinne na nusu hivi vya chai, nazi mbili, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichofutwa. Maharagwe nusu kilo na kidogo, yalowekwe tangu jioni. Kazi ya kuyaloweka ni ya mpishi wa zamu ya alasiri, ambaye hatayapika yeye, atayapika wa kesho. Akisahau, zamu inayofuata inakula wali na chumvi. Hapo hakuna haja ya somo la uwajibikaji.

Wali utaharibika hivi: mkaa unawashwa umechelewa, tui linatiwa moto ukiwa bado mdogo, maji yanaisha polepole kabla punje haijaiva, na kila mtu anafunua mfuniko kutazama. Chini unaungua, juu ni mbichi. Dawa yake wanaijua nyumbani lakini wameiona tu, hawajaifanya: maji yakikaribia kukauka, punguza moto chini, palia makaa matano sita juu ya mfuniko, na usifunue dakika ishirini. Mama wa kundi anaona kabisa kwamba makaa ya juu ni mengi mno, na hasemi kitu. Wekeni akiba ya mikate na tende kwenye sanduku la mama mkuu, ili ukiungua asilale mtu na njaa. Lakini sanduku lisijulikane liko wapi.

Choo: mashimo mawili kwa watu 30, upande upepo unakoelekea, hatua 50 kutoka jikoni, ndoo ya majivu na ya maji ya sabuni mlangoni. Akihara mtu: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vifutwe, anywe kidogo kidogo. Na mtu wa hesabu awe ndiye anayemwangalia kila mtu ananawa kabla ya kula, hata ninyi.

Mida_Kwetu

Niko upande wa Malindi, na nitawapinga kidogo. Takwa kwa mara ya kwanza ni kubwa mno: bahari, maji ya kubeba, giza, na akina mama ambao hawajawahi kukaa na mikono nyuma. Fanyeni kwanza usiku mmoja wa mazoezi, Novemba, kwenye ua wa nyumba au shamba hapo hapo kisiwani. Majiko yale yale, makundi yale yale, zamu tatu tu. Mtajua turubai lipi linavuja na mama yupi hawezi kunyamaza.

Huku kwetu mambo ni rahisi kwa sababu barabara inafika. Wanaotoka Malindi wana magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke kando yake, na daraja la kuning'inia la mikoko pale mkono wa bahari wa Mida. Daraja hilo ni zuri kwa kazi ya woga: linatikisika, chini ni matope na maji, na kila msichana anachagua mwenyewe hatua ngapi. Sharti ni atangaze kabla: "nitafika nguzo ya tatu." Akifika amefaulu, sawa na aliyevuka lote. Asukumwe na wenzake kwa kelele, amejifunza kutii kelele. Nyari ya Marafa, lile korongo la udongo mwekundu, nayo wapelekeni jioni, mchana ni tanuri.

Idadi ya watu wazima: American Camp Association ya Marekani huweka mmoja kwa wanane kwenye kambi za kulala, umri wa miaka 9 hadi 14. Ninyi mnahitaji watatu, mko sita, vizuri. Ila majini isizidi wanne kwa mmoja.

Na yule wa "mambo ya Wazungu", mwambieni hata huko waliombwa na wasichana. Mwaka 1909 kwenye mkutano wa wavulana wa skauti pale Crystal Palace, London, wasichana walijitokeza wenyewe bila kualikwa wakitaka nao waingizwe, na mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao.

Lakini hoja yangu hasa ni ya baada ya kambi. Msichana anarudi amebadilika, nyumba haijabadilika. Wiki ya kwanza anasema "acha nipange mimi", anaambiwa ameota pembe. Wiki ya tatu amerudi kutazama vidole. Kabla hamjavuka, kila mzazi aandike kazi moja ya kweli atakayomwachia binti yake akirudi, yenye pesa au watu ndani yake: kununua samaki wa wiki, kupanga zamu za maji za nyumba, kusimamia watoto wadogo wa madrasa Alhamisi. Ianze ndani ya wiki mbili. Mzazi asiyeweza kuitaja kazi hiyo, zungumzeni naye zaidi, huyo ndiye anayeihitaji kambi.

Kamba_na_Turubai

Mida_Kwetu kasema kweli kuhusu usiku wa mazoezi. Naongeza moja: msikubali kambi igeuzwe tusheni. Kuna mzazi atakayeleta vitabu vya hesabu, "maadamu wako pamoja." Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tusheni ya likizo, mwonyesheni hiyo kama adabu haitoshi.

BintiMkomani

Tumekubaliana usiku mmoja wa mazoezi Novemba, shamba la mmoja wetu. Baba mmoja amekubali kupanda chombo. Wa pili anasema atafikiri.

Maswali mawili ya mwisho. Vyeti tuchapishe? Na kuogelea: tisa hawajui kabisa.

Kamba_na_Turubai

Cheti kikisema "ameshiriki" ni karatasi. Andikeni kazi: "Aliongoza wenzake watano alasiri ya siku ya pili. Aliamua turubai lihamishwe kabla ya mvua." Mtu wa hesabu wa kila zamu ana daftari, yote yamo humo. Kwa mkono inatosha.

Mwana_wa_Maji

Wasifundishwe kuogelea siku nne, wafundishwe kuelea. Mahali pa faragha, mchanga mtupu, maji ya kiunoni, wanawake pekee, na mmoja wao anayejua maji kweli, si anayedhani anajua. Wakiingia waburute miguu, wasinyanyue, samaki taa akilala mchangani awahisi wakija, aondoke. Kwanza uso majini, wapulize mapovu hadi wacheke. Kisha mgongo: mkono wa mwalimu chini ya mabega, masikio ndani ya maji, tumbo juu. Wote hukunja kiuno kwa woga, na kiuno kikikunjwa mtu anazama, basi mwambie atazame wingu. Mkono unatolewa kidole kimoja kimoja. Dakika kumi na tano kila mtoto, zikizidi wanapata baridi na wanaanza kucheza.

Nahodha umeshampata? Mwulize kabla ya kumlipa: mwezi 23, siku ya kutoka, saa tano asubuhi, chombo chake kikiwa na watu 15, kinapita pale penye mikoko iliyoinama au hakipiti. Akijibu upesi bila kukuuliza mizigo ni kiasi gani, tafuta mwingine.